Hesabu ya Mawe

Miezi kumi na moja niliujua mto huu kwa miguu,
mto wenyewe ukiwa haupo.
Kutoka Mazara hadi Daghmar, viatu vimejaa changarawe,
nilihesabu mawe, nikayapa majina:
Jino. Mkwe. Friji, kwa ajili ya friji
ambayo gharika ya mwaka juzi iliikwamisha ubavuni mwake,
mlango wazi, mbuzi wakichungulia ndani.
Na Ngamia, aliyelala katikati, shingo kaielekeza baharini.

Binamu yangu Muhanna alicheka.
"Wadi hii? Inakojoa siku tatu kwa mwaka,
nawe unaiundia mashua?"
Nikaunda. Plaiwudi, gundi, makasia marefu mawili,
chini bapa kama sinia, pua imebinuka.
Shangazi Ghaliya, mzaliwa wa Wete, mzee wa Quriyat,
alisema tu: maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Kisha akauliza, lini?

Mvua ilikuja usiku wa Jumanne.
Siku ya kwanza maji mekundu, yamebeba matairi na mitende mizima,
yananguruma kama malori ya kokoto.
Maji mekundu hayaendwi.
Siku ya pili, rangi ya chai ya maziwa. Bado.
Tulikaa ukingoni tukatupa vijiti,
tukatazama vinakopita, vinakozama.
Siku ya tatu nilisimama maji ya magoti
nikaviona vidole vyangu.
Nikamfunga shangazi boya, mikanda mitatu,
naye analalamika linamkunja buibui.

Sasa sikiliza, nikamwambia.
Huku hatupigi makasia ili kwenda. Kwenda maji yanajua.
Mimi nakaa uso mbele, natazama jiwe linalotutaka,
naligeuzia pua ya mashua, hilo hilo,
kisha navuta kurudi nyuma, navuta,
mpaka mkondo utupitishe kando.
Ukiona maji yamechora ulimi laini, ncha inashuka, ndiyo njia.
Ncha ikitutazama sisi, pana kichwa kimejificha.
Na tukiligonga jiwe, liegemee. Usilikimbie.
Ukilikimbia utainamisha upande wa juu,
na mto utaingia bila hodi.

"Niliegemee linaloniua?"
"Ndiyo, shangazi."
Akaikaza chupa ya kahawa katikati ya magoti.

Jino tulilipita kwa upana wa kiganja.
Mkwe alitutemea mate.
Friji, friji yake imeshaondoka, limebaki jina.
Nikainua macho kumtafuta Ngamia
na Ngamia hakuwapo.
Pale pake palikuwa maji matupu, laini, yanameta jua la saa tatu,
na daftari langu lote la miezi kumi na moja
likawa karatasi.

Alikuwa ameshuka. Hatua arobaini chini, kajigeuza,
shingo yake inatutazama sisi.
Nilivuta. Bega la kulia likalia. Nilivuta nimechelewa.
Ubavu ukagota, sauti ya mlango wa nyumba kongwe,
mashua ikakingama mkondoni,
maji yakaupanda ukingo, kidole kimoja, viwili,
ndipo shangazi yangu, miaka sitini na minane,
akalirukia jiwe kwa mikono yote,
akalikumbatia, shavu kwenye mwamba,
kama mtu aliyempokea ndugu uwanja wa ndege,
akinong'ona kitu nisichokisikia.
Mashua ikafikiri.
Kisha mkia ukateleza, tukazunguka, tukashuka kinyumenyume,
tukatoka.

Karibu na Daghmar mto uliishia kwenye changarawe bila kuaga:
upana wa mkeka, upana wa kanga, upana wa kidole.
Muhanna alikuja na pikapu. Tukabeba mashua, mimi mbele, yeye nyuma,
na safari hii hakucheka.
Shangazi shavuni alikuwa na alama nyeupe, vumbi la jiwe. Hakuifuta.
"Ulimwambia nini?"
"Nani?"
"Ngamia."
Akamimina kikombe cha kwanza, bado kinafuka moshi,
akampa Muhanna.
"Nilimuuliza," akasema,
"kama kahama kwa hiari yake."