Mizani

Nanunua chuma kwa kilo, Jomvu, karibu na reli:
springi za magari, masufuria yaliyotoboka,
geti la mtu aliyehama usiku.
Najua uzito kabla mizani haijasema.

Basi nilicheka Kadzo aliponiambia,
pale dirishani pa maabara, Makadara:
"Mama, chuma huna."

Kipimo cha kwanza, mwezi wa Rajabu,
kilisema damu si mbaya, imepungua kidogo tu.
Nikarudi na vidonge vya kichwa.
Lakini ngazi za nyumbani zilikuwa zimeongezeka.
Natafuna barafu kama karanga,
na mkobani, nifiche nini, udongo wa Kongowea,
ule wa vipande, unaonukia mvua.
Kucha zimebonyea kama vijiko.

Kadzo akanichorea nyuma ya risiti.
Hemoglobini, akasema, ni pesa ya droo:
mteja akija, chenji anapata.
Feritini ndiyo stoo ya nyuma.
Yako ni nne.
Mwili umefagia stoo miaka na miaka
ili droo isikuaibishe mbele ya watu.

Na wale wachukuzi wa chuma ndani ya damu
wamejaa njiani, mikokoteni mitupu,
kama Mwachiro siku meli isiposhusha.
Hapo nikaelewa. Hapo nikakaa chini.

"Kinaendea wapi?" akaniuliza, sauti akaishusha.
Nikahesabu: siku tisa kila mwezi,
kanga juu ya kanga, tangu nimzae Mishi.
Mama yangu naye alikuwa hivyo.
Tukauita uanawake, tukafua alfajiri
kabla wanaume hawajaamka.
Kadzo hakuandika "uanawake".
Aliandika barua kwa daktari wa kina mama.

Sasa ni kidonge na maji ya ndimu.
Chai ya mkandaa isubiri saa mbili,
nami nasubiri nayo, nimenuna.
Choo cheusi kama lami ya Magongo.
Maini Jumamosi, pesa ikiwepo.
Miezi mitatu, kasema, ndipo tupime tena stoo,
usidanganywe na droo.

Mizani yangu haijamdhulumu mtu,
hata mtoto mwenye kopo la misumari.

Leo adhuhuri nimemkuta Mishi, miaka kumi na minne,
kasimama mbele ya friji, mlango wazi,
anatafuna barafu.

Nimefunga duka.
Nimemwambia avae viatu.