Zabuni ya Daraja Namba Kumi na Nne

Saa nne kamili asubuhi, si saa nne na kitu:
ndivyo tangazo lilivyosema, wiki tatu mfululizo,
katika gazeti la Kaunti ya Tarrow, ukurasa wa mwisho,
kati ya mnada wa ng'ombe na tanzia ya Bibi Ilse Tjaden.
Nililiandika mwenyewe. Mimi ndiye mwenye muhuri.

Kaunti yetu, huku Nebraska, ina watu elfu mbili na mia,
madaraja mia na tisa,
greda mbili, moja mgonjwa.
Nyuma ya kiti changu umebandikwa Mpango wa Barabara wa Miaka Sita:
nyekundu ni za mwaka huu, buluu za mwakani,
kijani za siku tutakapopata fedha,
na kijani imetanda ukutani kama ngano mwezi wa tano.
Tulipoita wananchi waje kutoa maoni
alikuja mwananchi mmoja, Orval Skaar,
akauliza kama kahawa ni ya bure.
Kisha akaweka kidole kwenye ramani:
"Mimi niko kijani tangu nioe. Nimezoea."
Nikaandika katika kumbukumbu: Maoni yamepokelewa.

Leo bahasha mbili mezani.
Makamishna watatu, kofia magotini,
theluji ya viatu vyao ikinywewa na zulia.
Verlyn, mwenyekiti, akatazama saa ya ukutani,
zawadi ya benki iliyokwisha kufilisika.
"Saa nne," akasema. "Tumefunga."
Nikachukua kisu cha barua.

Ndipo nikasikia breki nje.
Breki zile kaunti nzima inazijua.
Duane Kobza, mwenye machimbo ya changarawe ng'ambo ya kijito,
akapanda ngazi mbilimbili,
bahasha kaikumbatia kifuani kama kifaranga.
Saa nne na dakika nne.
"Leota," akahema, "nimezunguka maili kumi na tisa.
Daraja mmelifunga."

Hakuna aliyecheka.

Duane ndiye aliyemzika mbwa wangu nilipolazwa hospitali.
Mwaka wa mafuriko aliipa kaunti malori sita ya changarawe,
ankara hadi leo hatujaiona.
Bintiye hupanda basi la shule kungali giza
kwa sababu ya mzunguko huohuo.
Fomu yangu haina kisanduku cha mambo hayo.

Lakini nakumbuka pia enzi za babake Verlyn,
kandarasi zikigawanywa duka la mbegu,
shemeji kwa shemeji, mkono kwa mkono,
saruji nyepesi kama uji wa mgonjwa.
Daraja walilojenga hivyo
ndilo hili, Namba Kumi na Nne.

Sheria ni msumeno, nilifunzwa,
hukata mbele, hukata nyuma.
Hawakuniambia kwamba lazima mtu aushike,
na kwamba mpini nao unachubua.

Nikagonga muhuri: IMECHELEWA.
Nikamrudishia bila kuifungua.
Verlyn alikuwa anasoma dirisha.
Bahasha ya kwanza: kampuni ya mjini, dola laki tatu na elfu themanini na saba.
Ya pili, juu zaidi.
Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono,
ikapita, watatu kwa sifuri.

Jioni nilipofunga ofisi lori la Duane lilikuwa bado pale,
injini ikinguruma,
bahasha kwenye dashibodi, gundi yake nzima.
Hakunitajia bei. Sikuuliza.
Akashusha kioo kidogo tu, kwa baridi.
"Hao wa mjini," akasema, "changarawe watanunua wapi?"
Hakuna machimbo mengine kwa maili sitini.
Nikamwambia hilo halimo katika ajenda.

Kisha nikaondoka nyuma ya taa zake,
maana nami ninakaa ng'ambo,
kwa ile njia ndefu.