Ajenda ya Saba: Mengineyo

Mimi ndiye niliyeandika. Kalamu ilikuwa yangu,
mwandiko wangu, ule wa kulalia kushoto,
na muhuri wa kijiji niliugonga mwenyewe
baada ya kuupulizia pumzi, maana wino ulikuwa umekauka
kama kila kitu Oktoba ile, huku Lulindi.

Tulishamaliza salfa. Tulishamaliza ushuru wa korosho,
choo cha shule, mbuzi wa Mrope aliyekula miche ya watu.
Kanga zilianza kukung'utwa.
Mwenyekiti akauliza, Mengineyo?
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Akainuka Bi Philipa Hokororo.
Hakuhutubu. Aliinua ndoo, akaigeuza mdomo chini
tuone kisichomwagika,
akasema neno moja, kwa Kimakua cha nyumbani kwake:
Maasi.
Akaketi.

Nami, mgeni wa miezi miwili, mtoto wa Tukuyu
niliyeletwa na barua ya uhamisho,
Mtwara, Masasi, nakala tatu,
niliandika nilichosikia:
7.1 Bi P. Hokororo alidai maasi.
7.2 Wajumbe wote waliunga mkono.
Na kweli waliunga. Walipiga makofi.

Barua za bomba huchukua miaka.
Hii ilifika wilayani kesho yake.
Alhamisi vumbi likatangulia, gari likafuata,
wakashuka askari wawili na bwana mmoja mwenye faili,
kifungu changu kimepigiwa mstari mwekundu,
pembeni: Fafanua!

Nani kiongozi wa maasi?

Mimi, akajibu Bi Philipa, kwa Kiswahili safari hii.
Tangu pampu ilipokufa. Mmechelewa.

Askari yule kijana, koo limemkaba,
akanong'ona: Samahani mama, walau maji ya kunywa.
Akaletewa nusu kikombe,
rangi ya maji yaliyooshea mihogo.
Alitazama ndani muda mrefu.
Ndiyo maasi yenyewe hayo, mwanangu. Kunywa.
Akanywa. Nilikuwepo, nilimwona akinywa.

Bwana wa faili alicheka sana, kisha akaacha ghafla,
sijui alikumbuka nini.
Labda kwamba huku kusini neno maji
lilishawahi kusimama mbele ya bunduki.
Labda alikumbuka tu njia ya kurudi.
Kata, akaniambia. Andika maji, tia sahihi.

Mgambo Mchopa ndiye aliyenifariji.
Sisi Wayao, alisema, maji tunayaita mesi.
Siku yangu ya kwanza jeshini afande akapaza sauti, wote mesi!
Wenzangu wakabeba sahani.
Mimi nikabeba ndoo.

Usiku, kwa tochi ya simu, nikalitamka lile neno peke yangu,
nikalilegeza kidogo, kama alivyolilegeza yeye,
na kutoka mbali, nyuma ya migomba,
mama akanituma kisimani:
amisi, Ambilikile, amisi.
Miaka kumi na tisa sijalitumia.
Kwetu mvua hainyeshi, inaishi nasi,
na nani huita kwa jina
kitu kinachomgongea mlango kila siku?
Kumbe ndugu yake alisimama mbele ya meza yangu,
pua ileile, sauti ileile, ndoo mkononi,
nami nikamfungulia mashtaka.

Sikukata.
Kalamu nilikuwa nayo, rula nilikuwa nayo.
Niliongeza mstari mmoja, mwandiko wa kulalia kushoto,
nikaupulizia muhuri, nikagonga:

7.3 Hoja ya maasi imeahirishwa hadi mkutano ujao.
Kila mjumbe aje na ndoo.