Kifurushi

Saa sita na dakika mbili usiku, Bulyaga,
nanunua kifurushi ili nifunge kifurushi.
Cheka, Subilaga, lugha yenyewe imeshacheka.
Cha kwanza kitayeyuka kabla jogoo hajawika;
cha pili nataka kidumu kuliko kompyuta zenu
za kule Kandete, kumi na moja, zinazowaka saba,
na ya saba mpaka ipigwe kofi la ubavuni.

Mvua ya Tukuyu haipiti juu ya bati, inahamia.
Mtandao unasuasua. Asilimia arobaini.
Arobaini.
Arobaini na moja.

Mchezo wenyewe mdogo: konokono
kabeba taa mgongoni, anashuka kisimani
kuitafuta sauti iliyodondoka.
Aliyeutunga simjui. Kaandika mwishoni,
kwa herufi ndogo kama mtu anayeomba radhi:
*chukua, mpe mwenzio, usiuze.*

Ulipoupeleka shuleni kwa flashi, uligoma.
"Faili moja halipo," ilisema kompyuta, ikanyamaza
kama karani aliyefunga kidirisha saa tisa kasoro.
Faili gani? Liko wapi? Analo nani?
Darasa zima likarudi kuchapa barua za kuomba kazi.

Nikamkumbuka mama akinifungia safari ya Makambako:
maharage, sawa, na ndizi za kuchoma,
lakini na chumvi kwenye kikaratasi, na kijiko,
na njiti sita za kiberiti
pamoja na ule ubavu wa boksi wa kuwashia.
"Mama, kwani niendako hawana chumvi?"
"Sijui wana nini," akasema, akikaza kamba ya mgomba.
"Ndiyo maana nafunga."

Basi nafunga.
Natia faili lililokosekana, na lile linalolitegemea,
na lile lisilokumbukwa na mtu yeyote
ila likikosekana konokono anatembea kinyumenyume.
Sitaki kompyuta iombe kitu kwa jirani.
Sitaki mtoto abofye "Ndiyo"
kwa swali asilolielewa.

Asubuhi kaingia Mwasomola wa duka la simu.
"Tubandike nembo yetu, tuuze elfu mbili mbili."
Nikamwonyesha zile herufi ndogo.
"Nani atajua?"
Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia
mashine ya kopi imeishiwa wino,
na hilo nalo lilikuwa kweli.

Kipimo changu ni Mama Anyosisye, muuza parachichi,
aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho.
Kipanya hajawahi kukishika.
"Fungua hiyo, mama."
"Ipi?"
"Yenye konokono."
Nikasimama mlangoni, mikono nyuma,
nikiizuia isimsaidie.
Akabofya. Kimya.
Akabofya tena, haraka, kama anayebisha hodi
kwa mtu anayemdai.

Taa ikawaka kisimani.
"Aa! Kanashuka!"
Akakashusha ngazi tatu, akakapandisha moja,
akasahau kitambulisho, akasahau tenga lake nje mvuani.
Kisha akainua uso:
"Mbona hakana mlio?"

Nikamweleza, kwa raha ya mwalimu,
kwamba sauti ndiyo hiyo kanayoitafuta,
kwamba hadithi nzima iko hapo.
"Aa," akasema. Akalipa mia mbili, akaenda zake.
Nilimaliza chai yote ndipo nikagutuka:
folda ya sauti
niliiacha kwenye meza ya kompyuta, nje ya kifurushi.

Kwa hiyo leo nafunga upya, Subilaga.
Karatasi ya maelezo ilikuwa mistari ishirini;
nimefuta, nimefuta, umebaki mmoja:
*Bofya konokono mara mbili.*
Na chini yake, kwa herufi zilezile za kuomba radhi,
jina la mtunzi, nisilojua hata kulitamka.
Sijaligusa.
Huko kwao, nadhani, sasa hivi ni mchana.