Kuliuliza Ini

Mapunye yamemchora Obuya ramani kichwani,
visiwa vitatu vyeupe, na kinyozi wa Ahero
kakataa kumgusa: "Mashine yangu, mama."

Dawa ipo. Wakubwa wanaimeza.
Ila ini la mtoto wa kilo kumi na tisa
nani amewahi kuliuliza?

Ndiyo maana tuko benchi hili tangu saa moja,
yeye na nusu kidonge na kikombe cha maziwa,
mimi na karatasi tisa za Kijaluo
nilizosomewa mara mbili, nikaomba ya tatu.

Sista Khavere akainama mpaka macho yakalingana:
"Na wewe, Obuya, unakubali?"

Hajawahi kuulizwa kitu na mtu mzima
ila nani kavunja kikombe.
Akafikiri. Akataka kujua sindano ni ngapi.
"Nne, kwa wiki sita."
"Tatu," akasema, kwa sauti yangu ya sokoni,
ile ya gorogoro la mchele.

Hawakupunguza. Akatoa mkono.

Damu ikapanda kichupani, nyeusi kidogo.
Sikuomba apone kesho.
Niliomba namba za ini zikae palepale,
zisishtuke,
na zikishtuka, mtu azione mapema,
asimame, aseme: basi.