Bado. Pita.

Lori halikuja kwa hasira.
Lilirudi nyuma polepole, kule Ruashi, mbele ya duka la chumvi,
na sahani zake za shaba zimefungwa mnyororo,
kama ng'ombe anayetafuta pa kulala.
Kalulu alikuwa amesimama, breki ya mkono juu.
Mimi nilikuwa ninapatana bei ya tomsoni.
Niligeuka kwa mlio mdogo tu,
mlio wa mtu anayekunja kopo.

Eksperi wa asiransi alifika siku ya nne,
Bwana Muteba, viatu vyeupe katika vumbi la Septemba.
Hakugusa kitu kwa mkono. Aligusa kwa kalamu:
kalamu mlangoni, kalamu kwenye boneti, kalamu kwenye tairi.
Kisha akaandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo:
Hasara kamili.
"Kuitengeneza ni dola elfu moja mia nane.
Yenyewe ni elfu moja mia mbili.
Unaona, muzee? Dawa ni ghali kuliko mgonjwa."

Nilitaka kumuuliza hesabu hiyo imeanzia wapi.
Aliuhesabu ule mlango wa nyuma
uliowafungukia tu wenye kuujua?
Na harufu ya mahindi ya Kasenga
iliyokataa kutoka hata kwa sabuni?
Na usiku ule umeme ulipokatika,
Kaimbi akasomea mtihani wa serikali humo ndani,
chini ya taa ya dari,
hadi betri ikafa, naye akafaulu?

Na usukani.
Kalulu alitoka Japani, akashukia Dar es Salaam, akavuka Kasumbalesa
na usukani wake kuume, kama ndugu zake wote,
na sisi huku tunaendesha kuume.
Kwa hiyo mimi, dereva, niliona mitaro,
mbuzi, miguu ya wauza mafuta.
Lori likiwa mbele yangu, lilikuwa ukuta.
Aliyeiona njia ni Ngoie, mke wangu, kiti cha kushoto.
Miaka kumi na minne alinichungulilia:
Bado.
Bado.
Pita.
Sikumuuliza hata siku moja, una hakika?
Tuligombania shamba, tuligombania dada zangu,
kuna wiki tulipeana chakula bila neno;
lakini njia ya Likasi, nyuma ya lori la asidi,
akisema Pita, nilikanyaga,
uhai wa wote wawili ukiwa mdomoni mwake.

Hiyo unaiandika safu ipi, Bwana Muteba?

Fundi Kasweka alikuja kumchukua vipande vipande.
Kabla ya kufungua nati ya kwanza aliwasha injini,
na Kalulu akaitika palepale, bila kusita,
kama mtu anayekohoa kwenye matanga yake.
"Moyo mzima," Kasweka alisema,
kisha akaona uso wangu, akazima.

Makuta yalifika baada ya miezi mitatu,
yamepunguzwa na stempu na soda za watu.
Tulilipa karo ya kitinda mimba, tukanunua mabati saba.
Yaliyobaki yamo ndani ya kopo la maziwa, hatuyazungumzii.
Uani, pale alipokuwa akilala, pana doa la mafuta.
Mvua ya kwanza imelipaka rangi za upinde,
na kuku hulizunguka.

Jana tulipanda taksi kwenda Kamalondo, msibani.
Gari la usukani wa kushoto, dereva kijana,
anaona mbele vizuri, hana haja ya mtu.
Ngoie alikaa nyuma yake, upande wake uleule.
Tulipokwama nyuma ya lori la makaa
niliona shingo yake inanyooka, inainamia dirisha.
"Bado," akasema taratibu.
Kijana akamtazama kwenye kioo: "Mama, umesema?"
Hakujibu.
Mguu wangu wa kuume ulikuwa umeinuka juu ya zulia,
unangoja.