Tano Nukta Sifuri

Umeme umerudi Nkuhungu saa nne na robo usiku.
Jokofu la mama limekohoa, likaanza kazi,
nami nimeufungua tena ujumbe wa Ndahani,
mwalimu wa kompyuta kule Mpwapwa, mchache wa maneno:
"Dada Nyemo, Ungo ulipepeta vizuri hadi Jumanne.
Leo umegoma. Nina wanafunzi thelathini, mashine tisa."

Ungo ni chombo changu, wala si changu.
Ni huria: anayetaka huja, akachota, akaongeza, akaenda.
Hupepeta mafaili ya waandishi wa programu,
punje huku, makapi kule, kisha hufunga mzigo.
Tumboni mwake nimetia lugha ndogo iliyozaliwa Brazili;
jina lake, kwa Kireno, ni mwezi.

Kosa lilianza na hesabu ya darasa la pili.
Kumi gawa kwa mbili.
Mwezi mkongwe hujibu: tano.
Mwezi mpya, uliosoma zaidi, hujibu: tano nukta sifuri.
Mwalimu yeyote angeweka vema kotekote.
Lakini folda inaitwa Tano,
na ukipiga hodi kwa Tano Nukta Sifuri
hakuna mtu wa jina hilo mtaa huu.

Mimi, kwa mashine yangu mpya, niliona jambo dogo.
Nikaweka alama ya kisasa ya kugawa,
mikwaju miwili imesimama bega kwa bega,
mashine ikanyamaza kwa adabu,
nikatuma toleo, nikaenda kulala
na vumbi la Julai likinong'ona dirishani.

Mwezi mkongwe haujui mikwaju miwili.
Umefika mstari wa mia mbili na kumi na nne, ukasimama
kama nilivyosimama mimi, siku ya kwanza ya chuo,
nilipoambiwa "ingiza nywila",
nikashika nywele.

Ni rahisi kumwandikia: pandisha toleo.
Maneno mawili tu.
Lakini Ndahani ana bando la gigabaiti moja kwa wiki,
na mashine za msaada
zenye vibandiko vya benki iliyokwisha kufungwa.
Nimeyaandika. Nimeyafuta.

Nikajaribu kisu: kata mkia, nukta na sifuri yake.
Kikakata tano vizuri.
Kikafika kwa kumi, kikaila nzima,
kwani kwa kisu kile nukta ni herufi yoyote ile.
Chai ilikuwa imepoa, ina utando juu.
Mama akaita toka chumbani: "Bado unagombana na hilo?"
Bado, mama.

Saa sita kasoro nikakumbuka sakafu.
Ndivyo wanavyoliita tendo lile: unaachia namba,
inaanguka hadi kwenye nzima iliyo chini yake.
Ni neno la zamani, miezi yote miwili inalo.
Chumba chetu cha nyuma hakijawahi kuona saruji,
baba aliahidi, kisha akahamishiwa Singida;
kijiko kikidondoka mle hakilii,
kinatua tu.
Basi nikaidondosha tano nukta sifuri.
Ikatua: tano.

Safari hii sikujiamini.
Nikausimika mwezi mkongwe kando ya mpya,
nikaandika jaribio la mistari minne, lilale mlangoni
limng'ate yeyote atakayerudisha mikwaju ile,
hata akiwa mimi.
Kijani.
Nikangoja, feni ya kompyuta ikihema.
Kijani.

Kwenye kumbukumbu ya mabadiliko nimeandika:
"Narekebisha nilichoharibu mwenyewe Jumanne."
Kisha nikazima taa kabla Tanesco hawajanizimia.

Asubuhi, saa mbili na dakika saba, Ndahani:
"Imekubali. Mashine nane.
Ya tisa, panya amekula waya."

Hilo, mwalimu, sina kiraka chake.